Kabla ya Kulipia IRM: Vipimo vya Kuangalia Ndani ya Mwili, Kimoja Kando ya Kingine

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kupiga picha za tiba hapa Lubumbashi, na swali ninaloulizwa kuliko yote katika chumba cha kungojea si kama mashine inaumiza, bali ni mashine ipi iliyo kubwa kuliko nyingine. Anayeuliza amekwisha kukopa, au ameuza kitu cha nyumbani, au amepokea pesa kutoka kwa ndugu aliyeko Kolwezi, na anataka pesa hizo zimpatie jibu la mwisho. “Papa, utupigie ile ya mwisho kabisa,” aliniambia mama mmoja aliyemleta mumewe. Katika mawazo ya wengi mashine hizi zimepangwa kama ngazi: chini kuna radio, juu yake ekografi, kisha skana, na kileleni IRM, na anayepanda zaidi ndiye anayeona zaidi. Ngazi hiyo haipo. Kila mashine ina kitu inachokiona vizuri na kingine ambacho mbele yake ni kipofu, na yapo magonjwa ambayo IRM ya bei kali itayapita ilhali ekografi ya kawaida ingeyaonyesha kwa dakika kumi.

Nianze na majina, kwa kuwa sisi wa Kongo tumeyachukua kutoka Kifaransa na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kupotea njiani. Tunachokiita radio ndicho eksirei. Ekografi ndiyo ultrasaundi. Skana ni ile inayoitwa kwingine CT. IRM ni MRI. Na fibroskopi ni mpira wenye kamera unaoingizwa kwa mdomo hadi tumboni. Jambo la kuchekesha ni kwamba IRM ndiyo inayotumia mawimbi ya redio, ilhali “radio” yetu haina uhusiano wowote nayo.

Mume wa yule mama alikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia yaliyokuwa yakipanda hadi mgongoni, na katika kituo kingine walikwisha kumpiga IRM ya kiuno. Picha zilikuwa nzuri na kiuno kilikuwa kizima. Hakuna aliyewaeleza kwamba IRM ya kiuno huangalia kiuno tu, na kwamba nyongo, ambako mawe yake yalikuwa yamelala, iko nje ya fremu ile. Ekografi ilimaliza habari hiyo kabla ya adhuhuri, kwa sehemu ndogo ya pesa walizokuwa wamekwisha kuzitoa. Kosa halikuwa la mashine. Kwenye karatasi ya kuomba kipimo palikuwa pameandikwa “maumivu ya mgongo”, nasi wapiga picha hupiga kile tulichoombwa. Maumivu si swali, “je, kuna mawe kwenye nyongo?” ni swali, na swali ndilo linalochagua mashine.

Radio na skana, ndugu wa baba mmoja

Zote mbili hutumia miale ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua nchini Ujerumani tarehe 8 Novemba 1895. Radio hupitisha miale hiyo mwilini mara moja na kupokea kivuli upande wa pili: mfupa huizuia na kuonekana mweupe, hewa ya mapafu huiachia ipite na kuonekana nyeusi. Udhaifu wake umo katika kivuli chenyewe, kwa sababu kilicho mbele na kilicho nyuma hulaliana, na uvimbe mdogo ulio nyuma ya moyo unaweza kufichwa na moyo. Skana huuondoa udhaifu huo kwa kuuzungusha mrija wa miale kuuzunguka mwili na kuiachia kompyuta kazi ya kujenga vipande vyembamba, mfano wa mkate uliokatwa, ambavyo daktari huvipitia kimoja kimoja. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa njia hiyo jijini London mwaka 1971, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 iligawanywa kati ya Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyeitengeneza mashine, na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg ambaye alizianza hesabu zake alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Huwa ninalitaja jina la Cormack kila mwanafunzi anapoingia chumbani kwetu akidhani kwamba mambo haya yote yalizaliwa mbali na bara hili.

Kwa vipande hivyo mtu angedhani kwamba skana imeistaafisha radio. Kwa kifua haikufanya hivyo, na mji wetu ni mji wa migodi, ambako kifua ni habari ya kila siku. Shirika la Kazi Duniani lina utaratibu wake wa kimataifa wa kuyasoma mapafu yaliyoharibiwa na vumbi, nao umejengwa juu ya radio ya kawaida, ili picha ya mchimbaji wa leo iweze kulinganishwa na ya mwenzake wa nchi nyingine au na yake mwenyewe ya miaka iliyopita. Vumbi la silika huyafungulia mapafu mlango wa kifua kikuu, kwa hiyo kwa mtu wa migodini anayekohoa zaidi ya wiki mbili vitu viwili hutangulia: radio ya kifua na makohozi yake katika mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2010 na ambayo hutambua vijidudu vya kifua kikuu pamoja na usugu wao dhidi ya rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo, kwa muda wa takriban saa mbili. Radio huonyesha kovu au kivuli. Haiwezi kuapa kwamba ni kifua kikuu. GeneXpert inaweza, lakini haikuambii pafu limeharibika kiasi gani. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Hapa pia ndipo upya wa kweli ulipoingia bila kelele. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za kompyuta zinaweza kuzisoma radio za kidijitali za kifua badala ya jicho la binadamu, katika kuwachuja watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Programu hutoa alama, na wenye alama ya juu hupelekwa kutoa makohozi. Mahali ambapo daktari bingwa wa picha hupatikana mjini tu, huo ni msaada mkubwa, mradi ikumbukwe kwamba programu hiyo imefundishwa kutafuta kifua kikuu. Ikikutana na ugonjwa mwingine inaweza kunyamaza.

Skana ya kifua ina siku zake: radio ilipoonyesha kivuli kisichoeleweka, saratani inaposhukiwa, au panapohofiwa kwamba damu iliyoganda imeziba mishipa ya mapafu. Nje ya siku hizo gharama yake si ya pesa tu. Radio moja ya kifua humpa mtu mionzi ya takriban milisivati 0.1 au pungufu, na skana ya tumbo humpa karibu milisivati 8 hadi 10, wakati ardhi, anga na chakula humpa mwanadamu wa kawaida duniani wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka mzima. Skana moja ya tumbo, kwa hiyo, ni sawa na miaka mitatu au minne ya mionzi ya asili iliyopokelewa kwa sekunde chache. Kwa mtu mzima mwenye tatizo la kweli hilo si jambo la kumkosesha usingizi. Kwa mtoto anayerudishwa skana mara tatu kwa mwaka kwa sababu picha za kwanza zilipotea, ni jambo la kukataa kwa sauti.

Ekografi, inayodharauliwa kwa sababu ni rahisi

Ekografi hutuma sauti ambayo sikio halisikii na kusikiliza mwangwi wake unaporudi. Haina mionzi, haihitaji chumba chenye kuta za risasi, hupigwa kando ya kitanda, na picha yake ni ya papo hapo: moyo unaonekana ukipiga na damu inaonekana ikikimbia. Tangu Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipotangaza kazi yao mwaka 1958, imekuwa chombo cha wajawazito kuliko cha mtu mwingine yeyote, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani hushauri kila mjamzito apigwe angalau moja kabla ya wiki ya 24, ili umri wa mimba ujulikane kwa uhakika na pacha wasije wakagunduliwa siku ya kujifungua. Pengine sifa hiyo ya uzazi ndiyo iliyoiponza, kwa maana wanaume wengi wanapoambiwa wakapigwe ekografi hudhani wamedharauliwa.

Lakini kwa mawe ya nyongo ekografi huishinda hata skana, kwa kuwa baadhi ya mawe hayo yana uzito ulio karibu sana na wa majimaji ya nyongo na miale haiyatofautishi, wakati kwa sauti kila jiwe hung'aa na kuacha kivuli nyuma yake. Kwa mawe ya figo mambo hugeuka: ekografi huyaona yaliyo ndani ya figo na huona figo ikivimba kwa kuzibwa, lakini jiwe dogo lililokwama katikati ya mrija wa mkojo hupotea nyuma ya utumbo, na hapo skana isiyo na dawa ya kung'arisha, ile inayochomwa mshipani ili viungo vionekane wazi, ndiyo bingwa. Ugonjwa wa aina moja, viungo viwili, na mashine zinabadilishana ushindi.

Moyo nao ni wa ekografi kwanza. Mtoto aliyeumwa koo mara nyingi bila tiba, kisha miaka ikapita akaanza kuchoka anapopanda ngazi, anahitaji ekografi ya moyo iangalie vali zake. IRM ya moyo ipo na ni nzuri, lakini hutangulizwa mara chache sana. Mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua upesi kupita kawaida anaweza kuangaliwa ubongo kwa ekografi kupitia ulaini wa utosi kabla mifupa haijafunga, bila mionzi na bila dawa ya usingizi. Bilharzia ya kibofu na ya ini huacha alama ambazo ekografi huzisoma vizuri.

Ningependa kukaa kidogo juu ya jambo moja ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Watoto wenye selimundu, ambao mitaani kwetu huitwa watoto wa SS, wako katika hatari ya kiharusi hata kabla ya umri wa kwenda shule. Ekografi ya Doppler inayopigwa kupitia mfupa mwembamba wa panja, pembeni juu ya sikio, hupima kasi ya damu katika mishipa mikubwa ya ubongo, na ikiwa kasi hiyo imefika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, mtoto yuko katika hatari kubwa na anaweza kukingwa kwa kuongezewa damu kwa utaratibu au kwa dawa ya hidroksiurea. Kipimo hiki huwafaa watoto wa miaka 2 hadi 16, na kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. IRM ya ubongo huonyesha pale ambapo kiharusi kimekwisha kupita; Doppler huonyesha kinapokuja. Mzazi mwenye pesa za kipimo kimoja tu, na mtoto wa SS ambaye bado hajapooza popote, afahamu hivyo kabla ya kuchagua.

Udhaifu wa ekografi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wa maumbile: sauti haipenyi hewa wala haipiti mfupa wa mtu mzima kwa urahisi, kwa hiyo pafu lenye afya, utumbo uliojaa gesi na ubongo wa mkubwa huikatalia, na unene wa mwili huififisha picha. Wa pili ni wa mkono unaokishika kifaa. Skana hupiga vipande vilevile akiibonyeza nani, na daktari mwingine anaweza kuvisoma baadaye. Katika ekografi, kile ambacho mpimaji hakukielekezea kifaa chake hakikuhifadhiwa popote. Siku hizi kuna vifaa vya kushika mkononi vinavyounganishwa na simu, ambavyo vimeondoa fuwele za zamani na kutumia chipu ya silikoni, navyo vimepunguza bei kiasi kwamba kituo cha afya cha pembezoni kinaweza kuwa na chake. Ninavifurahia na ninaviogopa kwa pamoja. Kwa swali fupi, kama vile mtoto amegeuka au hajageuka, au kuna damu tumboni baada ya ajali au hakuna, vinatosha. Kwa uvimbe wa ini, mgonjwa na aende kwa mashine kubwa na kwa mtu aliyezoea.

Skana au IRM, hasa kwa kichwa na mgongo

IRM haina miale. Humweka mgonjwa ndani ya sumaku ya tesla 1.5 au 3, yaani yenye nguvu mara maelfu mengi kuliko sumaku ya dunia inayoigeuza sindano ya dira, kisha huzisukuma kwa mawimbi ya redio chembe za haidrojeni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili na kusikiliza zinaporudi mahali pake. Ndiyo maana hung'ara penye nyama laini: ubongo, uti wa mgongo, viungio, tezi ya kiume, mfuko wa uzazi. Kwa mfupa uliovunjika na kwa pafu hung'ara kidogo sana. Watu wa mji huu tunaweza kujivunia kitu kimoja humo ndani: nyaya za sumaku hizo ni nyuzi nyembamba za niobi na titani zilizolazwa katika shaba, na shaba ndiyo mali iliyoujenga mji huu.

Nyaya hizo hupozwa kwa heli ya majimaji hadi karibu nyuzi joto 269 chini ya sifuri, ndipo umeme uzunguke ndani yake bila kupungua. Matokeo yake mawili yanatuhusu. Kwanza, umeme wa mji ukikatika sumaku haizimi, na mtu asije akaingia na ufunguo au mtungi wa oksijeni akidhani kwamba mashine imelala. Pili, umeme ukikatika kwa muda mrefu mtambo wa kupoza husimama na heli huanza kuvukizwa, na kuijaza upya ni gharama kubwa. Mashine za zamani hubeba zaidi ya lita 1,000. Tangu mwaka 2018 zimekuwapo zilizofungwa kabisa ambazo hutumia lita 7 hivi. Hospitali inayonunua mashine katika mji wenye umeme wa wasiwasi ingefaa kuiuliza habari hiyo kabla ya kuuliza rangi ya plastiki.

Sasa fikiria kijana aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki usiku, ametapika na anasinzia. Huyu ni wa skana, wala hakuna mjadala. Damu mbichi na mfupa uliopasuka huonekana mara moja, picha yenyewe huchukua sekunde, na mashine za kumsaidia kupumua zinaweza kuingia naye. IRM ingetaka alale bila kutikisika kwa dakika 20 hadi 60 katika bomba lenye kelele, baada ya kuhakikisha kwamba hana chuma mwilini, jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulijibu.

Mzee aliyeamka mdomo umepinda na mkono mmoja hauna nguvu ni wa skana pia, lakini kwa sababu nyingine. Kiharusi cha mshipa ulioziba na kiharusi cha mshipa uliopasuka hufanana kwa nje, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, humsaidia wa kwanza na inaweza kumwua wa pili. Skana hujibu swali la kama kuna damu iliyovuja. Ikiwa ni mshipa ulioziba, skana ya saa za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa, na familia ikadhani kwamba mzee hana kitu. Usafi huo haumaanishi kwamba hana kiharusi. IRM huuona mshipa ulioziba mapema zaidi, na mahali ipatikanapo kwa haraka ni bora; mahali ambapo kuifikia ni kesho asubuhi, skana ya sasa hivi ndiyo bora.

Kifafa kilichoanza ukubwani, uvimbe wa ubongo unaotaka kupangiwa upasuaji, udhaifu wa miguu unaotoka kwenye uti wa mgongo: huko ndiko IRM inakolipa pesa yake. Kwa minyoo ya nguruwe iliyojificha ubongoni mashine mbili hugawana kazi, skana ikiviona vizuri vifuko vilivyokufa na kugeuka chokaa, IRM ikiviona vilivyo hai. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho bado tunakiona, IRM hukionyesha mapema kabla pingili hazijabomoka.

Maumivu ya kiuno peke yake ni habari nyingine, na ndiyo yanayokula pesa nyingi bure. Ikiwa hakuna homa, kukonda, miguu kuishiwa nguvu, ganzi kati ya mapaja, au mkojo na choo kutoka bila ruhusa, miongozo mingi hushauri kutopiga picha yoyote katika wiki sita za mwanzo, kwa sababu maumivu mengi hupungua yenyewe. IRM ya mtu wa makamo asiye na maumivu yoyote mara nyingi huonyesha pingili zilizochoka na gegedu zilizochomoza; ukiipiga siku ambayo kiuno kinauma, utalaumu kitu kilichokuwapo miaka kumi bila kumdhuru mtu. Dalili moja kati ya hizo nilizozitaja ikiwapo, mambo hugeuka kabisa, na kuchelewa kunaweza kumgharimu mgonjwa miguu yake.

Usalama wa mashine hizi mbili pia haufanani. Skana humzuia mjamzito, isipokuwa pale ambapo uhai wake unaitaka. Dawa yake ya kung'arisha, yenye madini joto (ayodini), huuliza kuhusu mzio na kuhusu figo, kwa hiyo kipimo cha kreatinini kifanywe kabla. IRM huuliza kuhusu chuma: kifaa kinachoongoza mapigo ya moyo, klipu za zamani za mishipa ya ubongo, vipande vya risasi. Mafundi wa kuchomelea wa Ruashi na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, huulizwa mara mbili, maana unyuzi wa chuma uliowahi kuingia jichoni bila mwenyewe kujua unaweza kusogezwa na sumaku na kulijeruhi jicho. Kwa huyo, radio moja ya macho hutangulia. Radio ya bei ndogo ndiyo humfungulia mlango wa mashine ya bei kubwa.

Kuna pia IRM ndogo yenye magurudumu, ya tesla 0.064 tu, iliyopewa kibali nchini Marekani mwaka 2020, ambayo huchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani na kusukumwa hadi kitandani. Hupiga ubongo tu na picha yake si kali kama ya ndugu yake mkubwa, lakini haihitaji heli wala chumba maalumu. Nikiombwa ushauri kwa hospitali ya mkoa isiyo na IRM kabisa, ningeianzia hapo.

Kamera inayosukumwa na kamera inayomezwa

Vidonda vya tumbo havionekani vizuri kwa mashine yoyote kati ya hizo nne, jambo ambalo huwashangaza waliokwisha kupiga ekografi tatu. Hapo inahitajika kamera. Fibroskopi haipendezi, hufanywa bila kula kwa saa sita hadi nane, lakini huona, hukata kipande cha kupeleka maabara, na hutibu palepale: inaweza kufunga mshipa unaovuja damu, hata ile iliyovimba kwenye umio kwa sababu ya bilharzia ya ini. Kidonge chenye kamera, kilichokubaliwa Marekani mwaka 2001, kina urefu wa milimita 26 na upana wa 11. Mtu hukimeza, akaendelea na shughuli nyepesi kwa saa nane, nacho hutuma zaidi ya picha 50,000 kwenye kifaa alichofungwa kiunoni. Uzuri wake uko katika utumbo mwembamba, ambao ni mita kadhaa zisizofikiwa na mipira ya kawaida. Hakikati kitu, hakizuii damu, na penye utumbo uliobanwa kinaweza kukwama hadi kikatolewa kwa upasuaji. Kabla hakijatoka, IRM ni marufuku. Kwa kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo, asiyeogopa mpira hapotezi kitu kwa kukisahau kidonge hicho.

Pesa, mpaka na bahasha

Bei hupanda kutoka radio na ekografi kwenda skana, kisha IRM, na kabla ya kulipa ni vyema kuuliza mambo mawili: kama bei inajumuisha dawa ya kung'arisha, na kama inajumuisha maandishi ya daktari aliyeisoma picha. Picha isiyosomwa ni karatasi. Wanaovuka Kasumbalesa kwenda kutibiwa Zambia, au wanaoendelea hadi Afrika Kusini na India, wabebe mafaili yenyewe ya DICOM, yaani picha asili za kompyuta zilizotoka kwenye mashine, kwenye diski au flashi, si picha ya filamu iliyopigwa na simu mbele ya dirisha, kwa maana simu hupoteza vivuli hafifu ambavyo ndivyo daktari anavyovitafuta, na huko waendako watapigwa upya na kulipishwa upya.

Wabebe na za zamani. Mwaka uliopita alikuja mzee aliyestaafu kazi ya mgodini, ambaye radio yake ilionyesha doa la ukubwa wa punje ya haragwe juu ya pafu la kulia, na watoto wake walikuwa wamekwisha kuchangishana pesa za skana. Nilimwuliza kama ana picha za zamani za kazini. Siku ya pili alirudi na bahasha ya kahawia iliyokaa juu ya kabati kwa miaka kumi na miwili. Daktari akaiweka filamu ile mbele ya taa, doa likiwa palepale, kwa ukubwa uleule.